Tundu Nyuma ya Birika

Siku Bi Alawiya alipomtumia mpangaji wake mche wa sabuni juu ya sinia, sabuni yenyewe imefunikwa kawa kana kwamba ni biriani, Jael alijua mambo yameharibika. Aliyeileta sinia ni Selpher, bintiye mwenyewe wa miaka saba, aliyekuwa akicheza uani akaitwa upande wa mbele na kutwishwa mzigo huo. Chini ya kawa, kando ya sabuni, palikuwa na fungu la ubani na karafuu kidogo zilizofungwa kwenye kitambaa.

"Bibi amesema mkioga mtumie hii," Selpher alisema. "Tena amesema msikasirike."

Jael alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi. Akaitazama sabuni, sabuni nayo ikamtazama. Alikasirika, tena sana, maana alikuwa mtu wa kuoga asubuhi na jioni, na mumewe Phineas hakuvuka mlango akitoka bandarini kabla hajajimwagia ndoo nzima. Kuambiwa unanuka ni jambo moja. Kuambiwa kwa adabu, kwa sinia na kawa, hilo halina hata pa kulishika ukagombana.

"Mwambie bibi ahsante sana," alisema, kwa sababu angesema nini.

Nyumba ilikuwa ya Likoni, ya mawe na makuti, na ilikuwa na pande mbili zinazoheshimiana kupita kiasi. Mbele alikaa Bi Alawiya mwenyewe, mjane, binti wa sheikh, mwenye nyumba. Vyumba viwili vya nyuma walikaa Jael na Phineas, Wakristo wa Rabai, pamoja na Selpher. Katikati palikuwa na ua, na pembeni ya ua palikuwa na choo na bafu, kila upande ukiwa na saa zake za kuingia. Na ndani ya bafu hilo, mwezi wa pili sasa, palikuwa na harufu.

Haikuwa harufu ya kuzoeleka. Asubuhi ilijikunja pembeni na mtu akaweza kuoga haraka haraka. Jua likipanda ilitoka ikatembea uani, ikaingia chumba cha nyuma, ikapita kwa Bi Alawiya, ikakaa barazani. Wageni wa Bi Alawiya walianza kukumbuka shughuli zao kabla kahawa haijamiminwa.

*

Jumatatu alikuja bwana afya, kofia ya jua kichwani na leso puani. Wakati huo wa vita watu wa afya walikuwa wakali, kwa kuwa Likoni ilijaa askari na makuli kutoka kila upande, na waliogopa tauni kuliko walivyomwogopa Hitla. Bwana afya hakuingia bafuni. Alisimama mlangoni, akarudi nyuma hatua tatu, akaandika namba ya chaki juu ya mlango wa nyumba.

"Jumamosi narudi," alisema. "Nikiikuta harufu hii, nyumba nafunga."

Aliyelipokea neno hilo ni Jamaludin, mtoto wa kaka yake Bi Alawiya, mwenye duka karibu na kivuko. Yeye ndiye aliyemsimamia shangazi yake mambo ya nyumba. Alingoja Phineas arudi kazini, akamwita barazani, akamkaribisha mkekani, akamuuliza habari za nyumbani na za kazi na za mvua. Kisha akasema:

"Bwana Phineas, nyumba hii imekaa miaka arubaini hainuki. Mmekuja nyinyi mwaka jana."

"Ni kweli," Phineas alijibu. "Lakini tulikaa miezi kumi haikunuka."

"Sisi hatumkatazi mtu chakula chake. Lakini hebu niambie kindugu, huko kwenu Rabai hasa mwala nini?"

Phineas alijisugua bega. Alikuwa amebeba magunia tangu alfajiri na mabega yalimuuma.

"Twala kama watu," alisema.

"Sawa. Basi harufu isipoondoka mpaka Jumamosi, itanibidi niwaombe vyumba. Nikimwambia bwana afya kwamba wapangaji wametoka, labda atatuachia nyumba."

Jael aliyasikia yote akiwa nyuma ya pazia. Likoni nzima hapakuwa na chumba. Vita vilikuwa vimeleta watu hata wengine wakalala kwenye vibanda vya mbuzi. Wakitolewa hapa, Phineas angejibanza na makuli wenzake, kumi na wawili chumba kimoja, naye Jael angechukua mtoto na kurudi Rabai kwa mama mkwe, Nyamvula. Nyamvula alikuwa mwanamke mzuri wa kanisa aliyehesabu vijiko baada ya kila mlo, na hesabu aliifanya kwa sauti. Jael alikaa naye miaka mitatu. Alikuwa tayari kuishi pangoni kuliko kurudi.

Na baya zaidi ni kwamba harufu ile aliijua inakotoka. Ilitoka kwake.

*

Mambo yalianza kwa pweza. Ijumaa ya kwanza walipohamia, Bi Alawiya aliwaletea bakuli la pweza wa nazi, limefunikwa kawa, linafuka moshi. Jael alikuwa hana neno na pweza. Phineas ndiye aliyekuwa na neno. Kwao walimfundisha kwamba kitu kisicho na mfupa na chenye miguu minane si kitoweo, ni mdudu wa maji, naye alipoliona bakuli alitoka nje akaenda kutazama miti mpaka lilipoondolewa. Jael alikula vipande viwili vitatu, akashindwa kumaliza. Kesho yake, akitaka kuonyesha shukrani, alimwambia Bi Alawiya kwamba mume wake amempenda pweza mpaka akalamba bakuli.

Hapo ndipo alipojichimbia kaburi, maana tangu siku hiyo pweza alikuja kila Ijumaa.

Kukataa hakuwezekani. Kumtupa jaani pia hakuwezekani, kwa kuwa jaa lilikuwa mbele ya dirisha la Bi Alawiya. Mara moja alijaribu kumpa paka. Paka yule akauchukua mguu mmoja wa pweza, akavuka ua pole pole, akaenda kuuweka miguuni mwa Bi Alawiya barazani. Jael alisema paka ameuiba, na jioni ile akaletewa bakuli jingine la kufidia.

Ndipo alipolipata tundu. Nyuma ya birika la bafuni palikuwa na mfereji wa zamani, mkavu, uliozibwa kwa jiwe tangu birika jipya lilipojengwa. Jiwe lilikuwa legelege. Kila Ijumaa jioni Jael aliingia kuoga na bakuli ndani ya ndoo, akalisogeza jiwe, akamtia pweza. Miezi kumi palikuwa pakavu na siafu walijua kazi yao. Kisha mvua zikaja, siafu wakahama, na pweza akabaki.

Na bakuli nalo halirudi tupu, hiyo ni heshima ya watu wote, wa Pwani na wa bara. Kwa hiyo kila baada ya Jumapili moja Jael alimchinjisha kuku, akampika kwa manjano, akayafunga mapaja kwa uzi wa ukindu kama alivyofundishwa na mama yake, akayatia katika bakuli la Bi Alawiya. Selpher na baba yake walikula mabawa na miguu. Huo ulikuwa mwaka watu walipopanga mstari tangu alfajiri kwa kibaba cha mahindi ya njano, na Selpher alishaomba paja zaidi ya mara moja.

"Hilo ni la bibi," Jael alimjibu kila mara.

*

Phineas alisema jambo hili lataka utaratibu. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne la misheni na aliuamini utaratibu kuliko dawa. Jumanne alimwaga chokaa. Jumatano alimwaga mafuta ya taa, na harufu ikawa ileile, ila sasa mtu alikatazwa kuwasha kiberiti. Kisha akachukua kipande cha mkaa, akaanza kunusa ukuta wa bafu kutoka mlangoni kuelekea ndani, na kila mahali harufu ilipozidi akatia alama.

"Mama Selpher, njoo uone," aliita. "Inazidi huku kwenye birika."

"Mimi naona inazidi huko mlangoni," Jael alisema.

"Mlangoni?"

"Huko, chini ya bawaba. Nusa tena, Baba Selpher."

Phineas alipiga magoti akainusa bawaba kwa uaminifu mkubwa. Jael alimtazama mumewe akinusa bawaba na akaona haya. Lakini haya zake hazikutosha kumfanya aseme. Kumwambia Phineas ni kumwambia Jamaludin, maana Phineas hakujua kusema uongo, na Bi Alawiya angejua kwamba mwaka mzima wa pweza wake umekwenda tunduni. Mwanamke yule alipita sokoni kwa fimbo kumtafuta pweza huyo.

Alhamisi Jamaludin alimleta Kahindi, fundi wa vyoo, Mgiriama mrefu mkimya aliyeheshimika kwa pua yake. Kahindi alifunua choo, akainama, akavuta pumzi taratibu kama mtu anayeonja supu.

"Choo hiki kizima," alisema. "Kinanuka choo."

Akaingia bafuni. Akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa amekunja uso.

"Hii si kazi ya choo. Hii ni ya jikoni. Ina tui la nazi, ina bizari. Na kuna kitu kingine siwezi kukitaja mpaka nibomoe." Akamtazama Jamaludin. "Jumamosi asubuhi nakuja na mtaimbo. Nitavunja nyuma ya birika."

Jael alikuwa ameshika ndoo. Akaiweka chini, akaenda kutafuta debe.

*

Ijumaa wanaume walikwenda kuswali, Phineas alikuwa bandarini, na Selpher alitumwa kununua chumvi mbali kuliko ilivyokuwa lazima. Jael alichukua debe, majivu, na upawa wenye mpini mrefu. Alijifunga leso puani, akaingia bafuni, akafunga mlango, akaliondoa jiwe.

Sitaisimulia harufu iliyotoka. Aliegemea ukuta kwanza. Kisha akaingiza upawa, akaanza kuchota. Alitoka pweza wa juzi, na wa kabla ya huyo, na mwingine ambaye hakujulikana tena ila kwa vile vikombe vya kunatia vya miguuni. Jael aliwatia debeni mmoja mmoja, akiwaomba msamaha kimoyomoyo. Upawa ukagonga kitu kigumu. Akakivuta.

Ulikuwa mfupa wa paja la kuku. Umefungwa uzi wa ukindu.

Aliugeuza huku na huku. Uzi ulikuwa wake. Fundo lilikuwa la mama yake, la kupitisha mara mbili na kukaza kwa jino. Akaingiza upawa tena, akavuta paja jingine, na jingine, yote yamefungwa vizuri, hakuna lililoguswa na jino la mtu.

Mlangoni mtu akakohoa, kama desturi ya kuuliza kama bafu lina mwenyewe.

Jael naye akakohoa.

"Nani humo?" Ilikuwa sauti ya Bi Alawiya.

"Mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Toka basi, mimi nina haja."

"Na mimi nina haja, bibi."

"Haja gani hiyo yakwangua mawe?"

Mlango ukasukumwa. Bi Alawiya aliingia na buibui lake, fimbo mkono mmoja, na mkono wa pili, chini ya buibui, ameshika upawa. Aliutazama upawa wa Jael. Jael akautazama upawa wake. Kisha wote wawili wakatazama debe.

"Huyo ni pweza wangu," alisema Bi Alawiya.

"Na huyu ni kuku wangu," alisema Jael, na machozi yakamtoka hapo hapo. Alikuwa amejiandaa kuomba radhi, lakini kilichomjia ni uchungu. "Bibi, mwanangu aliliomba paja hili. Nikamnyima. Nikamwambia ni la bibi."

Bi Alawiya akaketi ukingoni mwa birika. Alionekana mzee kuliko jana.

"Sikujua kachinja nani," alisema. "Nyinyi ni watu wa kanisa, mimi sili nyama ya mtu aliyechinja bila bismillahi. Ningekuuliza, ungeona nakufanya najisi. Ningekurudishia, ningekuvunja uso. Nikaona hili tundu. Na ile sabuni ilikuwa ya kuificha aibu yangu."

"Amechinja Mwinyihaji."

"Mwinyihaji yupi?"

"Huyu muuza mkaa, anayeadhini pale msikitini. Kila kuku nampelekea yeye. Humpa shingo."

Bi Alawiya alifumba macho. "Wallahi wewe. Mbona hukunambia?"

"Ningesema ingekuwa kama nakusimbulia, bibi. Kama nataka nishukuriwe."

Uani kuku alipiga kelele, mmoja wa waliobaki.

"Haya, na pweza wangu kakukosea nini?" Bi Alawiya aliuliza.

"Si mimi. Phineas humwona mdudu. Akimwona hukimbia nje."

"Hukunambia alilamba bakuli?"

"Nilisema kwa heshima, bibi."

"Nami nikanunua kwa heshima. Mwaka mzima. Pweza mimi simpendi hata, tangu meno yanitoke siwezi kumtafuna. Nilijua kuna mtu wa bandarini aliyechoka, anampenda pweza, basi naapa nikimkosa Ijumaa moja roho yaniuma." Alitazama debe. "Na pweza wa siku hizi si rahisi."

Aliyeanza kucheka hajulikani. Bi Alawiya alidai ni Jael, na Jael alidai ni Bi Alawiya. Walicheka mpaka fimbo ikaanguka ndani ya birika, wakashikana mikono ili wasianguke nao, na kila mmoja alipotaka kunyamaza alivuta pumzi, na pumzi ile ilikuwa mbaya sana, basi wakaanza tena. Kisha wakafanya kazi. Jael alichota na Bi Alawiya, mafuta ya taa yakiwa yameshakauka, alimulika kwa kibatari na kuelekeza, "huko, huko kwa kushoto, huko nilitia wa Idi." Walizika debe zima chini ya mgomba wa uani, wakaosha mfereji kwa majivu na ndoo nyingi za maji, wakafukiza ubani uleule uliokuja na sabuni. Wanaume waliporudi kutoka msikitini, bafu lilikuwa na harufu ya bafu.

*

Jumamosi bwana afya aliingia na leso puani. Akanusa kidogo, akasogea ndani, akaishusha leso. Akanusa vizuri. Akatoka akafuta namba ya mlangoni kwa leso hiyohiyo na kwenda zake.

Jael alishusha pumzi, lakini Jamaludin hakuwa mtu wa kuacha jambo njiani. Alimwita Kahindi, aliyekuwa amekaa juu ya mtaimbo wake kwa huzuni ya mtu aliyenyang'anywa kazi.

"Harufu imekwenda wapi?"

"Mfereji umeoshwa jana," Kahindi alisema. "Na chini ya mgomba pamechimbwa. Kilikuwa chakula, bwana. Chakula kizuri."

Jamaludin alikunja mwavuli wake pole pole. Wote walikuwa uani: Bi Alawiya kitini, Jael mlangoni, Selpher akiwa ameshika kanga ya mamaye, na Phineas, ambaye hakujua lolote, alikuwa amesimama wima katika shati lake la kanisani.

"Kwa hiyo kuna mtu hapa anatupa chakula," Jamaludin alisema. "Wakati huu, watu wanakula mahindi ya njano. Mtu huyo sikai naye katika nyumba hii. Bwana Phineas, ni nani?"

Phineas aliangalia viatu vyake. Jael alifungua kinywa. Akilini alimwona Nyamvula amesimama jikoni kwake Rabai, kijiko cha kwanza mkononi, na bado alikuwa tayari kusema.

"Ni mimi," alisema Bi Alawiya.

"Shangazi, huna haja ya kumkingia mtu."

"Simkingii mtu. Nimetupa kuku. Mapaja mazima, yamepikwa vizuri. Nimeyatia tunduni kwa mkono wangu huu." Akauinua mkono wauone. "Umesema mtu huyo hukai naye. Nyumba ni yangu. Haya, nihamishe."

Jamaludin alifungua mwavuli, ingawa jua halikuwa kali, akaufunga tena.

"Na mimi nilitupa pweza," Jael alisema.

"Wewe nyamaza," alisema Bi Alawiya. "Mwenye nyumba hajamaliza kuhamishwa."

Kahindi aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Jamaludin alisema ana wateja dukani, akatoka, na hakuuliza tena habari za bafu wala za vyakula vya Rabai. Aliyebaki na swali ni Phineas.

"Pweza," alimwambia mkewe kwa sauti ya chini. "Kila Ijumaa? Nami nimekuwa nikioga naye?"

"Mwaka mzima, Baba Selpher."

Phineas akaenda nje kutazama miti.

*

Ijumaa iliyofuata halikuja bakuli la pweza. Lilikuja la maharage ya nazi, na Phineas alikaa, akala, akaomba mengine. Jumapili Jael alipika kuku. Paja moja alimpa Selpher, ambaye alikwenda kulila nyuma ya mgomba ili mtu asibadili mawazo. Jingine alilifunga kwa ukindu, akalitia katika bakuli, akalifunika kawa, akalipeleka mwenyewe hadi kwenye mlango wa mbele. Kisha akarudi akakaa jikoni.

Sauti ya Bi Alawiya ilivuka ua.

"Jael!"

"Abee, bibi."

"Kachinja nani?"

Mwaka mzima hakuna aliyemuuliza hivyo, na Jael aliona swali lile ni tamu kuliko shukrani zote alizowahi kupewa.

"Mwinyihaji, bibi."

Halafu ikasikika sauti ya mtu mzee mwenye meno machache akipambana na paja la kuku bila haraka, na baada ya kitambo Selpher akalileta bakuli. Jael alilifunua kawa. Ndani palikuwa na mfupa mweupe, uzi wa ukindu umekunjwa vizuri kando, na hakuna kingine.